Kabla ya kufunga proksi ku masomo, mutuonyeshe nani anashika ufunguo

Wandugu na wadada, wazazi, na ninyi wakubwa wa masomo mu muji yetu ya Butembo,

Ninaandika hii neno kwa jina langu, siyo kwa jina la harakati yote, sababu katikati yetu hatujaelewana bado. Inahusu jambo lenye wengi wanaona kama ni la watoto tu: wanafunzi wenye kutumia proksi juu ya kupita chujio la intaneti ku masomo, na wakubwa wenye kutafuta mutu wa kufunga zile proksi. Mimi nilikuwa ule mutu. Nililipwa nusu ya feza, nusu ingine sikupata, na hapa chini nitasema juu ya nini. Lakini siandiki juu ya kulia nusu ya feza. Ninaandika juu kuko mutoto moja alipata hasara kwa kazi yenye nilifanya muzuri.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, sababu kuko wazazi wanasoma hapa na hawajaingia mu chumba ya ordinatere hata siku moja. Chujio la intaneti ni programu yenye kukaa kati ya ordinatere za masomo na intaneti ya inje. Mwanafunzi anaandika anwani ya ukurasa, chujio linaangalia ile anwani mu liste yake. Kama iko kati ya zile zenye kukatazwa, ukurasa haufunguki. Proksi ni ordinatere ingine, iko mbali, pengine Ulaya ao Marekani, yenye kukubali kuenda kukutafutia ule ukurasa na kukuletea. Chujio linaona tu kama mutoto anaongea na proksi. Halioni kile proksi inamuletea. Ni kama muzazi amekataza mutoto asiende ku duka fulani, mutoto anatuma mwenzake. Muzazi anasimama ku mulango wa duka, haoni mutoto wake, lakini bombo zinafika ku nyumba.

Sasa kazi yenyewe.

Mimi nilimaliza univerisite mu informatike. Sina kazi ya mushahara. Ninatengeneza telefone, ninapigia watu barua ku mashini, na mutu akiniita kuangalia ordinatere yake ninaenda na miguu. Masomo moja ya sekondari iliniita. Sitataja jina lake, na yeyote mwenye anafikiri anaijua, naye asitaje. Walikuwa na ordinatere 18, panno za jua, ruta moja, na forfe ya intaneti yenye wazazi wanachangia pamoja na minervali. Prefe alinipokea muzuri, akanipa kiti, akasema: "Kijana wangu, hii forfe ilipaswa kutosha mwezi. Tarehe 12 imekwisha. Watoto wanaangalia video, na wamoja wanaangalia uchafu. Chujio tuko nalo, lakini wanapita. Funga hizo njia zao." Tukaelewana dola 80, nusu mbele, nusu kisha kazi.

Prefe alikuwa na haki. Ninasema ile wazi, hata kama wenzangu wamoja hawatapenda. Mama mwenye kuuza mihogo ku soko juu mutoto wake ajue ordinatere, hachangii forfe juu watoto wa watu waangalie mpira na mambo ya aibu.

Nilikaa mu ile chumba siku tatu, ninaangalia mambo yenye ruta iliandika. Kweli, kulikuwa proksi mingi. Watoto walikuwa wanapita ile njia juu ya miziki, mpira, Facebook, na ndiyo, uchafu ulikuwa. Lakini kulikuwa mambo mengine pia. Wanafunzi wa sita walikuwa wanatafuta maulizo ya zamani ya Egzeta, na ile ukurasa chujio lilikuwa limeifunga sababu ni ukurasa wa kugawa fishie, na chujio linazani kila ukurasa wa namna ile ni wa wezi wa filme. Kulikuwa mwenye kutafuta somo la biolojia juu ya uzazi, somo lenye mwalimu mwenyewe aliwapa. Lilikuwa limefungwa. Yule mutoto hakuwa mukaidi. Alikuwa anafanya devuare yake, akakuta mulango umefungwa, akapita ku dirisha.

Nilifanya kazi sawa vile nilifundishwa. Mu machujio mingi yenye kuuzwa, kuko fungu kabisa lenye kuitwa proksi: kampuni yenye kutengeneza chujio inakusanya anwani za proksi zenye zinajulikana, unabonyeza fasi moja, zote zinafungwa. Nikabonyeza. Nikazuia ordinatere zisitafute anwani za kurasa ku fasi ingine isipokuwa ku ruta yetu. Nikaondoa programu ndogo zenye watoto waliweka mu navigatere. Nikaweka kama konti ya mwanafunzi haiwezi kuweka programu mupya. Siku ya tatu, proksi zote zenye nilikuwa nimeandika ku karatasi zilikuwa zimekufa. Prefe alicheka, akanipa mukono.

Siku ya ine, kijana moja wa kelasi ya tano akaniambia polepole: "Yaya, kuko ingine." Alikuwa na haki pia. Proksi inaweza kuzaliwa asubui na kufa mangaribi. Kule Marekani, kijana moja, Bennett Haselton, alianzisha mu mwaka 1996 kikundi kinaitwa Peacefire, cha kutetea vijana mbele ya machujio ya intaneti. Kisha wakatoa programu yenye kugeuza ordinatere ya nyumbani kuwa proksi: unaiacha ikiwaka ku nyumba, unaenda ku masomo, unapitia kwako mwenyewe. Sasa mufikirie: nani anaweza kuandika mu liste moja ordinatere zote za nyumba za watu? Mwenye kufunga anakuja kila mara nyuma ya mwenye kufungua. Ile siyo uvivu wa mutu wa informatike. Njo ginsi intaneti inatembea.

Lakini kuko jambo lenye sikufikiria, na hapa njo naomba tusome pamoja polepole.

Liste ya proksi inakamata kwanza zile zenye zinajulikana. Zile zenye watu wanatumia tangu miaka, zenye kuko mutu nyuma yake mwenye jina, hizo njo zinafungwa siku ya kwanza. Zenye zinabakia ni zile zenye hakuna mutu anajua: za jana, zenye kujaa matangazo, zisizo na jina la mwenyewe. Mimi nilizani kama ninafunga njia. Kweli nilikuwa ninachagua njia, na niliwachagulia watoto ile mubaya zaidi.

Binti moja wa miaka 15 alipata proksi moja ya namna ile. Akafungua Facebook ndani yake, akaandika jina lake na neno la siri. Kisha siku mbili, mutu akaandikia shangazi yake wa Kampala kwa jina lake: "Shangazi, niko na shida ku masomo, unisaidie." Namba ya kutuma feza haikuwa ya binti. Shangazi akatuma. Kisha akatuma tena.

Siwezi kuapa mbele ya tribinali kama ni ile proksi iliiba neno la siri. Lakini acha niseme ginsi inawezekana, sababu watoto wengi hawajui, na watu wakubwa wengi pia. Ukifungua ukurasa wa kawaida wenye kufuli kidogo ku anwani, mambo yenye unaandika yanafungwa tangu kwako mupaka kule unaenda. Lakini ukipitia proksi yenye ni ukurasa, kufuli lenye unaona ni kati yako na proksi. Proksi inafungua, inasoma, kisha inafunga tena na kutuma. Mwenye proksi anaweza kuona neno lako la siri sawa vile mimi ninaona hii meza. VPN ni tofauti kidogo: mwenye VPN anajua kurasa gani unaenda, lakini kama ukurasa uko na kufuli, yenye unaandika ndani haoni. Hata ile, uangalie kwanza: VPN ya bule yenye kuomba ruhusa ya kusoma namba za marafiki zako mu telefone, iko inatafuta nini? Mutu mwenye kulipia mashini na koneksio juu yako bila kukuomba hata franga, anakula wapi? Kuko wenye kusaidiwa feza na watu wa kutetea uhuru. Kuko wenye kula ku matangazo. Na kuko wenye kula wewe.

Masomo ilifanya nini? Ilifukuza yule binti siku tatu juu alitumia proksi. Yeye mwenye kuibiwa njo alipewa azabu. Ku nyumba alipata azabu ingine, ya shangazi. Na mimi nilikuwa nimepita ku ile chumba siku tatu, siku moja sikuwaambia wale watoto: "Musiandike neno la siri ndani ya proksi." Dakika mbili zingetosha. Sikusema, sababu walikuwa wameniita kufunga, hawakuniita kufundisha.

Sasa nusu ya pili ya feza.

Nilirudi kuomba dola 40 zangu. Prefe alinipa karatasi moja yenye kuandikwa na mukono. Akasema: "Ongeza hizi, kisha tunamaliza." Nikasoma. Kurasa mbili za habari. Ukurasa wetu, wa harakati. Ingine ya watu wenye kuandika juu ya haki za binadamu mu Kivu ya Kaskazini. Nikamuuliza: "Papa prefe, hii njo video yenye kula forfe?" Akaangalia chini. Akasema kama siyo yeye, aliombwa, na kama mimi niko kijana, sijui bado ginsi inchi inatembea. Akaongeza: "Hata mutoto hatajua. Ataona tu ukurasa haufunguki, atazani ni koneksio."

Hii sentensi ya mwisho njo ilinifanya nikatae. Siwezi kusema kama nilikuwa na roho nguvu. Nilihitaji zile dola 40, na hata leo ninazihitaji. Lakini kufunga ukurasa na kuacha mutoto azani ni koneksio, ile siyo kulinda mutoto tena. Ni kumudanganya. Nikaacha karatasi ku meza. Feza sikupata.

Simuchukii ule muzee. Tuko mu eta de sieje tangu tarehe 6 Mei 2021, na kila mutu mwenye kushika ofisi anajua simu gani inaweza kumufikia. Ninasema tu kama ile karatasi inaonyesha jambo lenye ni kubwa kuliko masomo moja. Chujio ni lile lile. Ruta ni ile ile. Fasi ya kubonyeza ni ile ile. Kati ya kufunga uchafu na kufunga habari, tofauti ni mustari moja mu liste. Na kama liste haionekani, hakuna mutu atajua siku gani ule mustari uliongezwa. Na proksi ilikuwa njia yenye mutoto angejua nayo kama kuko kitu kilifichwa. Ndiyo maana mwenye kuficha anatafuta kufunga proksi pia.

Hii tunaijua, wandugu. Mu Januari 2015, wakati watu waliingia mu barabara juu ya sheria ya uchaguzi, serkali ilikata intaneti. Mu Desemba 2017, siku ya maandamano ya walei wakatoliki, ikakata tena. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, ikakata mupaka kufika tarehe 19 Januari 2019. Na sisi wa Butembo na Beni tulikuwa tumenyimwa hata kuchagua, waliahirisha kura zetu mupaka Machi, wakisema ni juu ya Ebola na usalama. Mufikirie: mu ile Ebola yenyewe, wakati kila familia ilihitaji habari ya kweli, siku karibu makumi mbili bila intaneti. Nilikuwa kijana wa sekondari. Watu walisema "tumia VPN," lakini VPN haikusaidia kitu, sababu VPN inazunguka ukuta, haiwezi kupita fasi barabara imekatwa. Kila mara walitueleza kama ni juu ya amani na utulivu. Hakuna liste. Hakuna mutu mwenye kusaini mbele ya wananchi na kusema "ni mimi nilikata, juu ya hii na hii, mupaka siku fulani."

Wafanyabiashara wetu wenye kupita Kasindi wanajua pia ya Uganda. Tangu tarehe 1 Julai 2018, serkali ya kule iliomba shilingi 200 kila siku ku kila mutu mwenye kutumia mitandao ya kijamii. Watu walifanya nini? Waliingia mu VPN, wengi, hata wale wenye hawajasikia siku moja hii neno. Mu Januari 2021, karibu na uchaguzi, Facebook ikafungwa, na kampuni za koneksio zikaombwa kufunga VPN pia. Munaona mustari? Kwanza unafunga kitu. Watu wanazunguka. Kisha unafunga njia ya kuzunguka. Prefe wetu hakuvumbua kitu. Anafanya mu kidogo yenye wakubwa wanafanya mu kikubwa, na mutoto mwenye kukua mu ile chumba anajifunza kama njo ginsi watu wakubwa wanaongoza.

Sasa ninageukia wenzangu wa harakati, sababu sitaki kuwapiga wakubwa wa masomo tu na kuacha ninyi.

Wamoja kati yenu waliniambia: "Ulikosa tangu siku ya kwanza. Chujio lote ni udikteta. Ungewafundisha watoto VPN na kuondoka." Hapana. Siko na ninyi mu hii. Mutoto wa miaka 12 siye mwenye kupiga kura. Mu inchi yetu kuko sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto, na sisi njo wa kwanza kuitaja wakati mutoto anateswa. Hatuwezi kuitupa wakati inatusumbua. Kuko watu wakubwa mu intaneti wenye kutafuta mabinti wadogo kila siku. Muzazi mwenye kusema "ku masomo, mu saa za masomo, hizi mambo hapana" siye Mobutu.

Na ile VPN yenye munasifu, mukumbuke ilitengenezwa juu ya nani. Psiphon, kwa mufano, ilitokea ku univerisite ya Toronto, kule Canada, mu mwaka 2006, juu ya watu wenye kuishi fasi serkali inafunga habari. Ni chombo cha heshima. Lakini mutu mukubwa mwenye kukitumia anajua yenye anakimbia na yenye anaingia. Kumupa mutoto njia ya kujificha bila kumufundisha nani anamungojea kule mbele, ile siyo kumupa uhuru. Mimi nimeona hasara yake ku uso wa binti moja.

Kwa hiyo mimi niko katikati, na katikati hapendwi na mutu. Chujio ku masomo, ndiyo. Kufunga proksi, ndiyo, hata ile ninakubali, juu proksi za bule ni hatari kwa mutoto. Lakini kwa sharti moja: yote yaonekane. Mwenye kufunga aseme kama amefunga, juu ya nini, na mutoto aombe kwa nani.

Watu wataniambia ni ndoto. Siyo ndoto. Marekani, mu mwaka 2000, bunge lao lilitoa sheria inaitwa CIPA: masomo ao maktaba yenye kupokea msaada wa serkali juu ya bei ya intaneti, inapaswa kuweka chujio. Watu wa maktaba walishitaki, kesi ikafika ku tribinali kubwa kabisa ya inchi, na mu mwaka 2003 tribinali ikaacha sheria iendelee. Lakini sababu moja yenye ilihesabiwa ni hii: mutu mukubwa akikuta ukurasa umefungwa, anaweza kumuomba mwenye kulinda maktaba afungue. Hata wao, na feza zote zile, walijua kama chujio linafunga mambo mengi yasiyo na kosa, na kama hakuna programu yenye kuwa na akili ya kutofautisha somo la uzazi na uchafu. Mutu njo anapaswa kutofautisha. Kwetu, ule mutu hayuko. Kuko tu ukurasa wenye haufunguki.

Na sheria zetu zinatosha kuanza. Katiba ya 2006, mu kifungu cha 24, inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano. Patano la haki za mutoto la 1989, lenye inchi yetu ilikubali, linasema mu kifungu cha 12 kama mutoto mwenye kuweza kutoa mawazo yake asikilizwe mu mambo yenye kumuhusu, na mu kifungu cha 17 linataja pamoja mambo mawili yenye sisi tunatenganisha kila mara: mutoto apate habari, na mutoto alindwe. Pamoja. Siyo moja kisha ingine.

Basi yenye ninaomba ni hii. Ni ndogo, na nyingi kati yake haziombi hata franga.

Kwa wakubwa wa masomo:

1. Mubandike liste ku mulango wa chumba ya ordinatere. Siyo anwani zote, mafungu tu: uchafu, michezo ya feza, proksi, na yote ingine yenye mumefunga. Kama kuko fungu lenye munaona haya kuandika ku mulango, basi halipaswi kuwa mu ruta.

2. Ukurasa ukifungwa, mutoto aone maneno yenye kusema: "Umefungwa na masomo, juu ya sababu hii. Kama unauhitaji juu ya somo, ona mwalimu fulani." Karibu machujio yote yanaweza kuandika maneno ya namna ile. Mutoto asiachwe azani ni koneksio.

3. Kuwe mwalimu moja mwenye kuweza kufungua ukurasa siku ile ile. Wanafunzi wa sita hawawezi kungoja mupaka Egzeta ipite.

4. Kama shida ni forfe, mufunge kwa kipimo, siyo kwa woga. Kuko ruta zenye zinaweza kugawia kila ordinatere mega zake za siku. Mwenye kumaliza zake juu ya mpira, amemaliza zake. Hakula za mwenzake.

5. Mutoto akikamatwa na proksi, mumuulize kwanza: "Uliandika neno lako la siri?" Kama aliandika, mumusaidie kulibadilisha mbele ya kumufukuza. Azabu inaweza kungoja saa moja. Mwizi hangoji.

Kwa wazazi: mu mukutano wa wazazi, wakati wanawasomea feza ya forfe, muulize nani aliandika liste na nani anaweza kuibadilisha. Kama jibu ni "mutu wa informatike," musikubali. Mutu wa informatike ni mimi. Ninabonyeza yenye waliniambia. Ufunguo hauwezi kukaa mu mufuko wa kijana mwenye kulipwa dola 40 mbele.

Kwa wenzangu wenye kumaliza informatike na wenye kukosa kazi sawa na mimi: najua njaa. Siwaambii mukatae kazi. Mufanye, lakini karatasi ya pili ikikuja, ile yenye kuandikwa na mukono, mukumbuke kama ninyi njo wa mwisho wenye kuweza kusema hapana. Kisha ninyi hakuna mutu mwingine, ni mashini tu, na mashini haikatai. Na kabla ya kutoka mu ile chumba, muwape watoto zile dakika mbili zenye mimi sikutoa.

Kwa harakati yetu: badala ya kubishana kama proksi ni haki ao zambi, tuombe ruhusa ya kuingia mu masomo siku ya Jumamosi na tufundishe: kufuli ku anwani ni nini, proksi inaona nini, neno la siri linawekwa wapi, na ukurasa ukifungwa unauliza nani. Mimi niko tayari kuanza, bila malipo. Niko na muda, ninyi wote munajua.

Yule binti alirudi ku masomo. Nilikutana naye ku barabara, nikamuomba musamaha. Alishangaa, hakujua kama ni mimi nilifunga. Akaniuliza swali moja tu: "Yaya, sasa nitajua namna gani kama proksi ni muzuri?" Nilimujibu yenye ninajua. Lakini lile swali alipaswa kuuliza ndani ya kelasi, mbele ya mwalimu, bila kuogopa kufukuzwa.

Congo ni ya watoto wetu. Tusiwalee mu giza, halafu tuwaulize juu ya nini wanatembea na dirisha.